Bobini ya gari inaungua kila mara? Muangalie waya kwanza

Ndugu wanachama, katika jarida hili tumezoea kuongea mihogo, mbolea na dawa ya nyanya. Leo tunaongea gari. Juu ya nini? Juu nyanya ikishavunwa, haingoje fundi.

Koperative moja ya bonde la Ruzizi ilipakia vitunga vya nyanya ndani ya pikapu yao ya zamani, ya esanse, kupeleka Bukavu. Kule chini, upande wa Kamanyola, gari lilitembea vizuri. Kwenye kupanda Ngomo moteri ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Watu walilala njiani. Kesho yake jua likapiga, na nyanya zilizofika sokoni ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ilikuwa bobini ya tatu katika miezi miwili. Kila mara fundi alibadilisha bobini, koperative ikalipa, na hakuna aliyeuliza juu ya nini zinaungua.

Niliomba kuona waya. Shida zilikuwa mbili, na zote mbili mwanachama yeyote anaweza kuziona kwa macho yake. Lakini tujue kwanza bobini inafanya nini.

Ndani ya bobini kuko nyaya mbili zilizozungushwa: moja nene kidogo yenye mizunguko michache, na moja nyembamba sana yenye mizunguko maelfu. Umeme wa batri, volti 12, unapita kwenye ile nene. Platini za ndani ya deliko zikifunguka, umeme huo unakatika ghafula, na ile nyembamba inatoa volti elfu 20 ao zaidi. Ndiyo cheche tunayoona kwenye buji. Gari likiwa na mzigo na linapanda, mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa, na cheche inahitaji nguvu zaidi ili iruke. Kwa hiyo bobini dhaifu inaweza kujificha kwenye tambarare, kisha ikawaaibisha mlimani. (Moteri ya mazuti haina bobini. Wenye gari la mazuti wasome tu mambo ya unene wa waya.)

Sasa shida ya kwanza. Magari ya zamani ya platini yanatumia bobini za aina mbili. Moja iko na omu karibu 3 kati ya alama + na alama −. Ingine iko na omu karibu 1,5, na hiyo haipashwi kupewa volti 12 moja kwa moja moteri ikitembea: inafanya kazi pamoja na rezistansi, mara nyingi kipande cheupe cha kauri kilichofungwa karibu nayo. Tupige hesabu. Volti 12 kugawanya kwa omu 3 ni ampere 4. Lakini volti 12 kugawanya kwa omu 1,5 ni ampere 8. Ampere zikizidi mara mbili, joto ndani ya bobini linazidi mara nne. Bobini inachemka, mafuta yake yanavuja, na platini zinaungua pia.

Kwenye ile pikapu, kipande cheupe kilikuwa kimevunjika zamani. Mtu mmoja alikitosha na kuunganisha waya tu. Gari liliwaka, wote wakafurahi. Bobini tatu ziliungua juu ya kipande ambacho bei yake ni ndogo kuliko bobini moja.

Kwa hiyo mbele ya kununua bobini, fundi apime ya zamani kwa mita: kontakti imezimwa, nyaya zimetolewa, anagusa + na −. Akipata karibu 1,5, lazima aonyeshe rezistansi iko wapi. Akipata karibu 3, rezistansi haihitajiki. Kwenye bobini zingine hakuna + na −, kuko namba: 15 ni upande wa kontakti, 1 ni upande wa deliko. Ukigeuza, moteri itawaka bado, lakini cheche inakuwa dhaifu. Na musiache kontakti wazi moteri ikiwa imezima, hata kama ni kwa kusikiliza redio: platini zikibaki zimefungwa, bobini inapika bure. Magari mapya ya elektroniki yako na bobini za namna ingine, hesabu hii si yao.

Shida ya pili ilikuwa waya wenyewe. Fundi alitumia waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja. Nyumba haitikisiki, gari linatikisika siku nzima, na uzi mmoja unavunjika ndani ya plastiki bila kuonekana. Gari linataka waya laini wa nyuzi nyingi. Mukwaruze uzi kwa kisu pia: ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni aluminiumu iliyopakwa shaba, muurudishe dukani.

Kuhusu unene, tunatumia hesabu hii: urefu kwa metre, mara ampere, mara 0,0175, kugawanya kwa unene kwa milimetre mraba. Jibu ni volti zinazopotea njiani, kwa waya wa shaba safi. Kutoka batri, kupitia kontakti, mpaka bobini, tuseme metre 5, na ampere 4. Kwa waya wa 0,5 unapoteza volti 0,7. Kwa waya wa 1,5 unapoteza karibu 0,23. Volti 0,7 inaonekana kidogo, lakini wakati wa kuwasha, demarere inavuta sana na batri inaweza kushuka mpaka volti 10 ao chini yake. Na ampere za bobini zikipungua sehemu moja ya kumi, nguvu ya cheche inapungua karibu sehemu mbili za kumi. Mimi nachukua 1,5 kwa bobini, na fizibo ya ampere 15 karibu na batri. Fizibo ikiungua, mutafute sababu. Karatasi ya sigara si fizibo. Waya wa demarere ni jambo lingine kabisa: 25 mpaka 35, juu ampere zake zinapita mia moja.

Kabla ya kugusa chochote, mutoe kwanza waya wa masi kwenye batri.

Zoezi la mkutano ujao: taa mbili za mbele, kila moja wati 55, waya wa metre 4. Wati 110 kugawanya kwa volti 12 ni karibu ampere 9. Mupige hesabu kwa waya wa 1, kisha kwa waya wa 2,5. Mutapata volti 0,63 na 0,25. Kisha mufungue boneti ya gari lenu, muone waya gani uko pale.