KIMEO HAKIKATWI
Kijitabu cha afya ya kinywa kwa kaya za Ngonga

Ukisoma ukurasa mmoja tu, soma huu: usikubali mtoto akatwe kimeo.

Tumechoka kuona kisa kilekile. Mtoto analetwa kwa bodaboda alfajiri, khanga ya mama imelowa damu, na kikohozi kilichompeleka kwa mkataji bado anacho.

1. ANZA NA KINYWA CHAKO

Chukua kioo, washa tochi ya simu, panua mdomo, sema "aaa". Kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa, katikati, ndicho kimeo; wengine hukiita kilimi. Umeona kilivyopanda? Ukimeza pia hupanda, pamoja na sehemu laini ya juu ya kinywa, ili uji usitokee puani. Baba anacho, bibi anacho, mwenyekiti wa kitongoji anacho. Mtoto kuwa nacho si ugonjwa.

Koo likiugua, kimeo nacho huvimba na kurefuka. Hapo ndipo mkataji anapokuonyesha na kusema, "Umeona? Ndicho kinachomkereketa." Lakini nyumba ikiungua, jirani aliyepakwa masizi siye aliyewasha moto.

2. KIKOHOZI KINATOKA WAPI

Kinatoka kwenye mafua, nimonia, kifaduro, pumu, kifua kikuu, au moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Kukata kimeo hakutibu hata kimoja.

Mtoto akikohoa, mtulize, mfunue kifua, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo akifikisha:
- pumzi 60 au zaidi, kama hajatimiza miezi 2;
- pumzi 50 au zaidi, miezi 2 hadi mwaka 1;
- pumzi 40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5.

Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usihesabu. Nenda.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu. Dawa zake ni bure.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humkinga na kifaduro na pepopunda. Usiziruke kwa sababu ya mavuno ya mpunga wala kuanika kokoa.

Asali na maji ya uvuguvugu hutuliza koo la aliyevuka mwaka 1. Chini ya hapo, asali hapana.

3. WEMBE UNAFANYA NINI

Kinywa kimejaa mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana ukijiuma ulimi unaona nyota. Sasa fikiria wembe kooni mwa mtoto anayelia na kujinyonganyonga.

- Damu hutoka nyingi, na mtoto huimeza. Nje hamwoni kitu, mnadhani imekoma.
- Damu inaweza kuingia kwenye njia ya hewa, akapaliwa.
- Wembe ukiteleza hukata ulimi au nyama za pembeni.
- Kidonda huoza, na uchafu huingia kwenye damu.
- Wembe uliopita kwa wengine huleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Wembe mchafu huleta pepopunda.
- Nimonia inaendelea kumla mtoto huku nyie mkisubiri kidonda kipone.

Wembe mpya hauondoi hatari. Usikubali mtoto akatwe kimeo, hata kwa wembe mpya.

4. AMESHAKATWA?

Usifiche, na usingoje kuche. Mlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo, damu itoke nje. Usimtie majivu, chumvi wala majani. Akimezameza mate kila mara, akitapika damu au kitu cheusi, akipauka, akipoa mikono: damu bado inatoka. Mkimbize hospitali. Tuambie ukweli, tunataka mtoto, hatutafuti kesi.

5. "MENO YA PLASTIKI"

Hayapo. Maneno haya yameenea Tanzania tangu miaka ya 1980. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi za mtoto anayeharisha ni meno yake mwenyewe yanayojiandaa kutoka. Ukiyachokonoa, unaharibu hata ya ukubwani. Anayeharisha apewe ORS, vidonge vya zinki na ziwa la mama.

6. UVIMBE WA MASHAVU NA TAYA

Mate hutengenezwa na tezi. Kubwa ziko jozi 3: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi.

Mashavu yakivimba mbele ya masikio pamoja na homa, huenda ni matubwitubwi. Mpe vinywaji vingi, apumzike, asichangie kikombe na wenzake. Apimwe.

Uvimbe chini ya taya unaokuja wakati wa kula na kupungua baadaye huenda ni kijiwe kilichoziba njia ya mate. Usikamue. Nenda hospitali.

Taya la mtoto linalokua haraka, meno yakilegea, ni jambo jingine: huenda ni saratani. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya saratani hii ya watoto. Baadaye ikaonekana kwamba hupatikana zaidi nchi za chini, zenye joto, mvua na malaria. Hapa kwetu kando ya Ziwa Nyasa ni nchi ya namna hiyo. Ikiwahiwa, hutibika kwa dawa hospitalini. Usimchanje chale. Usingoje mavuno.

7. ULIMI

Utando mweupe usiofutika, au kidonda kisichopona wiki 2: onyesha zahanati, hasa ukivuta sigara au kutumia ugoro.

8. MDOMO ULIOPINDA GHAFLA

Hospitali sasa hivi, si kwa mganga.

9. MSWAKI

Asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi.

10. "MBONA MIMI NILIKATWA NIKAPONA?"

Bibi, shikamoo. Tunajua neno lako ndilo linalosikilizwa nyumbani, ndiyo maana tunamalizia kwako. Kikohozi cha mafua huisha chenyewe, ukate usikate. Mkataji akachukua sifa. Wewe upo unasimulia. Waliovuja damu usiku hawakupata wajukuu wa kuwasimulia.

Mkataji akija, mwambie hivi: huyu anapelekwa zahanati, kimeo chake hakikatwi.