Mtaji wako, jina la mwenzako

Barua imetoka Mkuyuni, Mwanza. Mwenye barua anauza dagaa kwa magunia: wanapakiwa Mwaloni Kirumba, wanapita Tunduma na Zambia, wanavuka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi. Kule mtu mmoja wa makaratasi alimwambia mgeni haruhusiwi kufungua kampuni Congo, kwa hiyo biashara ikaandikishwa kwa jina la mwenyeji wake. Ubao wa dukani ulibeba majina ya wote wawili. Mwaka huu wamekosana, kufuli limebadilishwa, na mwenyeji anasema ghala, akaunti na magunia ni mali yake. Msomaji anauliza kama ana haki yoyote.

Anayo, ila siyo ile anayoifikiria. Tuanze na uongo aliouziwa. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Congo imo katika OHADA, umoja wa nchi 17, nyingi zikiwa za Kifaransa, zinazotumia sheria moja ya biashara. Sheria yao ya makampuni ya mwaka 2014 inamruhusu mtu mmoja, hata akiwa mgeni, kumiliki SARL peke yake: kampuni ambayo hasara ya mwenye hisa inaishia kwenye alichochangia. Kiasi cha mtaji mnajipangia wenyewe. Kishoka aliyekwambia lazima umtafute Mkongomani alikuwa anakuuzia jina la shemeji yake.

Anachokitumia kishoka ni nusu ya ukweli. Amri-sheria ya tarehe 8 Agosti 1990 inawatengea raia wa Congo biashara ndogondogo. Ukikutwa unapima dagaa kwa kisado kibandani, huna utetezi. Kuingiza shehena na kuuza jumla kupitia kampuni ni jambo jingine. Yeye anayachanganya hayo mawili makusudi, na baadhi ya watumishi wa mpakani wanamsaidia, maana mgeni asiye na karatasi zake mwenyewe anakamuliwa kila safari.

Sasa mtego wenyewe. Kilichoandikishwa Lubumbashi hakikuwa kampuni. Kilikuwa «établissement», zile herufi «Ets» unazoziona kwenye mabango ya kule. Hicho si mtu mbele ya sheria, hakina hisa wala wabia. Ni mtu mmoja anayefanya biashara chini ya jina la duka, na kila kilichomo ni chake, na madeni ni yake. Mdai wake mwingine akija na amri ya mahakama, magunia yako yanachukuliwa kulipa deni usilolijua. Jina lako ubaoni ni rangi tu. Na mkataba wa siri unaosema mlisainiana usiku hotelini, hata ukikubalika, unawabana ninyi wawili. Benki na wadai wengine hauwahusu. Ukionekana ulitungwa kukwepa ile amri ya 1990, hakimu anaweza asitake hata kuusikia.

Kwa hiyo usiende mahakamani kudai duka. Dai pesa ya mzigo. Wafanyabiashara wanaweza kuthibitishiana deni kwa kila njia, hata ya kielektroniki, ndivyo sheria ya OHADA isemavyo. Ujumbe wa WhatsApp, miamala ya simu, hati za kusafirishia nje na stakabadhi za gari vyote ni ushahidi. Lakini angalia saa. Hapa kwetu madai ya mkataba yana miaka 6. Kule, mauzo ya kibiashara yana miaka 2 tu. Watu wanapoteza haki halali kabisa kwa kumsubiri mwenyeji «atulie».

Sheria hizi zenyewe nazo zina la kujibu. Kiswahili kimo katika katiba ya Congo kama lugha ya taifa, na biashara yote ya dagaa hupatanwa kwa Kiswahili, ila mkataba na daftari la usajili ni Kifaransa, na tafsiri za OHADA zikigongana, Kifaransa ndicho kinachoshinda. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki rasmi Julai 2022, na itifaki ya soko la pamoja inaahidi haki ya kuanzisha biashara popote ndani ya jumuiya. Sheria ya 1990 bado ipo. Tusiwacheke Wakongomani: Julai 2025 Tanzania nayo ilitoa amri ya kuwafungia wasio raia biashara 15, ikiwemo kununua mazao shambani. Tunasaini undugu Arusha, tukirudi nyumbani tunafunga mlango.

Kwa wanaojiandaa kwenda: andikisha SARL yako, na kila mkataba wa mauzo uwe na kifungu cha usuluhishi. Hukumu ya mahakama ya Mwanza haitekelezwi Congo mpaka mahakama ya kule iipe kibali. Tuzo ya msuluhishi ina njia nyepesi zaidi, kwa sababu Tanzania ilijiunga na Mkataba wa New York wa kutambua tuzo za usuluhishi za nje mwaka 1964, na Congo mwaka 2014.

Na wewe wa Mkuyuni, unasema shehena ya mwisho ilifika mwaka jana. Tafuta wakili aliyesajiliwa na chama cha mawakili cha Haut-Katanga, mpe hati zote, afungue madai katika mahakama ya biashara ya Lubumbashi kabla miaka 2 haijatimia. Mtu wa makaratasi usimlipe tena hata senti.