Mguu Umeteguka, Mfuko Usiteguke: Vidokezo 7 vya Kudai Pesa za Mazoezi Uliyolipia

Ulilipia miezi mitatu ya Zumba kwa mkupuo, ukapewa punguzo, na viatu vipya ukanunua. Wiki ya pili, kifundo cha mguu kikateguka, na daktari kasema hakuna kuruka kwa muda. Pole sana! Lakini zile hela usiziage bado. Vipindi ambavyo hujahudhuria vina thamani, na una kila sababu ya kuvidai. Habari njema ni kwamba kazi hii waweza kuifanya umeketi, mguu juu ya mto.

1. Andika leo, usingoje upone
Ukikaa kimya, kila kipindi kinachopita kitahesabiwa kuwa umekikosa kwa hiari. Kupiga simu si vibaya, ila maneno ya simu hayana ushahidi. Tuma WhatsApp au baruapepe yenye mistari mitatu: jina lako, tarehe uliyoumia, na ombi la kusimamishiwa vipindi kuanzia leo. Dakika tano tu, na tayari umeanza vizuri!

2. Barua ya daktari iseme unachokatazwa
“Ameumia mguu” haitoshi. Mwombe daktari aandike mazoezi usiyoruhusiwa, na kuanzia lini hadi lini. Je, ni lazima jimu ione faili lako lote? La hasha. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Barua moja fupi, yenye mhuri, inatosha kabisa.

3. Fukua risiti kwenye simu
Mali bila daftari hupotea bila habari. Ulilipa kwa M-Pesa na ujumbe umeufuta? Piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako. Nakili kiasi, tarehe, msimbo wa muamala na jina lililotokea ulipolipa. Jina hilo huenda lisifanane na lile la kwenye bango la jimu, na utalihitaji ukiandika barua rasmi.

4. Soma mkataba, hata yale maandishi madogo
Tafuta mambo matatu: kughairi, kusimamisha na kuhamisha. Umekutana na “pesa hazirudishwi”? Usinywee! Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda afya, usalama na maslahi ya kiuchumi ya mteja. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 nayo inagusa moja kwa moja huduma za mazoezi zinazolipiwa mapema: inampa mteja siku 10 tangu apokee nakala ya mkataba kughairi bila kutoa sababu. Kwa hiyo, hesabu siku zako haraka. Na kama hukupewa nakala, iombe sasa.

5. Nenda na hesabu mkononi
Usiseme “nirudishieni kitu kidogo.” Taja kiasi! Tuseme ulilipa shilingi 18,000 kwa vipindi 36. Kila kimoja ni shilingi 500. Umehudhuria sita, yaani 3,000, basi unadai 15,000. Jiandae, maana meneja anaweza kusema punguzo lilikuwa la kifurushi kizima, kwa hiyo vile sita vihesabiwe kwa bei ya siku, labda 800. Hapo zinabaki 13,200. Mazungumzo yenu yatakuwa kati ya namba hizo mbili, nawe utakuwa umeshajua mwisho wako ni upi.

6. Uwe na mpango wa pili
Jeraha la wiki sita? Kusimamishiwa vipindi huenda kukakufaa kuliko kurejeshewa pesa. Dada yako anatamani Zumba? Omba vihamishiwe kwake. Lakini kama daktari amesema mazoezi hayo basi tena, shikilia pesa zako. Lolote mtakalokubaliana liandikwe, pamoja na tarehe. Na kama uliumia kwa sababu ya mashine mbovu au uzembe wa mkufunzi, usitie sahihi karatasi inayosema huna dai lingine kabla ya kuzungumza na wakili.

7. Wakikupuuza, panda ngazi kwa adabu
Dada wa mapokezi hana mamlaka juu ya hela zako, kwa hiyo usimgombeze bure. Mwandikie meneja au mwenye jimu, ambatisha barua ya daktari, risiti na hesabu, kisha mpe siku 14 za kujibu. Siku zikipita, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Litaje hilo kwenye barua yako, kwa lugha ya heshima.

Ulizitolea jasho pesa hizo kabla hata ya kuingia mazoezini, kwa hiyo kuzidai si ubahili wala si ugomvi. Ugua pole, na ujumbe wa kwanza utume leo kabla hujalala!