Adui Aliyetangulia Bunduki

Msomaji, ukikaa na wazee pale Githongo wakizungumzia mambo ya kale, hukosi kusikia swali hili: iliwezekanaje wageni wachache kutawala watu wengi namna ile? Mwaka 1906 Waembu walipigana na Waingereza wakashindwa. Mwaka 1908 E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alifika na kikosi kidogo akafungua kituo cha serikali mahali ulipo mji wa Meru leo.

Wengi hujibu: bunduki. Ni kweli, lakini jibu hilo halijakamilika. Kulikuwa na adui mwingine aliyetangulia, naye haonekani kwa macho. Huyo ni maradhi.

Tutazame kwanza Mexico. Mwaka 1519 Mhispania Hernán Cortés alitua huko na askari wapatao 500. Dola ya Waazteki ilikuwa na mamilioni ya watu. Mwaka uliofuata ndui iliingia mji wao mkuu, Tenochtitlan. Kwa kuwa wenyeji hawakuwa wameujua ugonjwa huo, miili yao haikuwa na kinga. Waliugua kwa pamoja, hata wa kuwapikia na kuwatekea maji wagonjwa wakakosekana. Mfalme Cuitláhuac naye akafa. Wahispania wengi walikuwa wameugua utotoni, na aliyepona ndui kwa kawaida haugui tena. Cortés alisaidiwa pia na maelfu ya wenyeji waliowachukia Waazteki, na mwaka 1521 mji ukaanguka.

Je, kwetu ilikuwaje? Mapema miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaja ukame, na katikati ya Kenya njaa na ndui zikaandamana. Hapa ndui haikuwa ngeni kama kule Mexico. Lakini mwili wenye njaa hushindwa kupambana na maradhi, na waliohama kutafuta chakula waliibeba ndui toka kijiji hadi kijiji. Hivyo Waingereza walipojipenyeza bara, walikuta jamii nyingi zimekwisha kujeruhiwa.

Funzo kwetu ni nini? Ni kwamba wingi wa watu si kinga. Kinga hupatikana kwa kuugua na kupona, jambo la hatari, au kwa chanjo. Ni chanjo iliyoishinda ndui: mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetokomezwa. Sotoka nayo ilitangazwa kumalizika mwaka 2011.

Surua bado ipo. Huenea kwa hewa, na humwelemea zaidi mtoto mwenye utapiamlo, kama ndui ilivyowaelemea wenye njaa. Nchini Kenya chanjo yake hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Mzazi huweza kuikumbuka ya kwanza akaisahau ya pili, kwa kuwa mtoto sasa anatembea na kucheza, anaonekana mzima. Ili surua isipate njia, watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kupata zote mbili.

Basi, mzazi, kitazame leo kijitabu cha kliniki cha mwanao. Ikiwa chanjo ya pili haijaandikwa, usingoje augue. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe. Kinga ni bora kuliko tiba.