Marudio ni ya Nani? Mafunzo Niliyopata Ukanda wa Dhahabu

Nimekaa miaka mingi na vikundi vya kuweka na kukopa kati ya Kahama, Katoro na Geita. Mfadhili au mwekezaji akiniuliza aweke wapi fedha yake ili umaskini upungue, namwambia haya.

1. Uliza mgao kwanza

Mchimbaji mdogo hana mshahara. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hugawanywa kwa mifuko: mwenye leseni huchukua yake, mwenye duara aliyegharamia magogo, pampu na chakula huchukua yake, wachimbaji hugawana iliyobaki.

Kisha yapo ya karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Lwamgasa nilisimama na mama mmoja mwanakikundi wetu tangu mawe yake yanasagwa mpaka unga unapitishwa mwaloni na zebaki inanasa punje. Aliondoka na kidonge kidogo cha dhahabu. Mchanga uliobaki, yaani marudio, ulibaki kwa mwenye karasha, kama desturi ya pale. Zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu humo humo, na mwenye mtambo wa sianidi ndiye anayekuja kuivuna. Hapo ndipo maskini na tajiri wanapoachana. Ukimpa mama yule mkopo wa kununua mawe zaidi, umemwongezea mwenye karasha marudio.

Ndiyo maana nilifurahi STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ilipojenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na Itumbi. Kikundi chetu nacho kilichanga hisa, kikanunua karasha iliyotumika, na katiba yake inasema wazi: marudio ni ya aliyeleta mawe.

2. Darasa la mgodi si sadaka

Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inaitaka kampuni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Upo pia ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo. Mgodi ukijenga darasa, inaniuma kuona wazazi wakipangwa mstari kushukuru kwa kilicho haki yao. Wazazi na waulize kwenye mkutano wa kijiji: mpango uko wapi, nani aliupitisha?

3. Dhahabu huisha

Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha mwaka 2009, ukasimama 2021. Linganisha na HASHI, mradi wa serikali wa kuhifadhi ardhi ulioanza Shinyanga mwaka 1986 na baadaye kusaidiwa na Norway. Nchi ilikuwa imebaki tupu, miti imefyekwa tangu enzi za kupambana na mbung'o. Mradi haukuwaletea Wasukuma jambo geni. Uliwarudisha kwenye ngitili, malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ngitili ni za kaya na za vijiji, kwa hiyo kuni, asali, dawa na nguzo zilikuwa za wenyewe. Katika misaada yote ninayoijua kanda hii, huo ndio ninaouheshimu kuliko mingine.

4. Hisani iwe dhamana

Kikundi sasa kinataka mtambo wa kuchenjua marudio. Benki inadai hati ya nyumba, na wanachama wengi wamepanga. Mfadhili akiweka fedha yake benki kama dhamana, wanachama watakopa kwa jina lao, watalipa wenyewe, na mtambo utakuwa wao. Mkopo ukishalipwa, fedha ile ile itadhamini kikundi kingine, Nyarugusu au Mgusu.