Zimwi Lisilo na Jina: Kufundisha Maadili kwa Riwaya ya Frankenstein na Masimulizi ya Mbegha

1. Utangulizi

Hadithi za kutisha zina nafasi yake ya siku nyingi katika malezi. Kabla ya shule kuenea, mabibi wa Uzigua na Usambaa waliwasimulia wajukuu wao habari za mazimwi nyakati za jioni karibu na moto, nao watoto walijifunza kutii, kuhadhari na kutambua hila. Mwalimu wa shule ya msingi hutumia njia hiyo hiyo, lakini mara nyingi huishia katikati: huwatisha watoto ili watulie, kisha hufunga kitabu. Woga ukibaki peke yake haufundishi kitu.

Shabaha ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, awe Korogwe, Handeni au kwingineko, jinsi hadithi ya kutisha inavyoweza kumwacha mtoto na swali la kimaadili badala ya hofu ya giza. Tutatumia hadithi mbili. Ya kwanza ni riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley wa Uingereza. Ya pili ni masimulizi ya Mbegha, ambayo chanzo chake kimo katika mkoa huu wa Tanga. Zote mbili zinauliza swali moja: mtu aliyekataliwa tangu mwanzo kwa sababu ya umbo lake, hugeuka kuwa nini?

2. Riwaya ya Frankenstein

Mwishoni mwa karne ya 18 ilizuka Ulaya aina ya riwaya iliyoitwa ya Kigothi. Riwaya hizo zilijaa magofu, usiku, vifo na siri za ukoo. Mary Shelley, aliyezaliwa mwaka 1797, alianza kuandika yake mwaka 1816 karibu na ziwa la Geneva, akiwa na umri wa miaka 18. Kitabu kilitoka London mwaka 1818 bila jina lake kuandikwa juu yake.

Mwanachuo aliyeona sinema za hadithi hii hana budi kusahihisha mambo mawili kabla ya kuifundisha. Kwanza, Frankenstein si jina la zimwi. Ni jina la kijana msomi, Victor Frankenstein, aliyeliumba. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina lolote. Pili, katika sinema mashuhuri ya mwaka 1931 kiumbe huyo hawezi kusema, lakini katika kitabu anasema kwa ufasaha mkubwa, na maneno yake ndiyo kiini cha riwaya.

Kwa muhtasari, Victor anasoma sayansi katika mji wa Ingolstadt, Ujerumani. Anagundua siri ya uhai, anaunganisha viungo vya maiti na kumpa uhai kiumbe mkubwa. Kiumbe anapofumbua macho, Victor anachukizwa na sura yake na kumkimbia. Kiumbe anabaki peke yake kama mtoto mchanga aliyetupwa: hajui lugha, hajui moto, hajui chakula.

Baadaye anajificha kando ya nyumba ya familia maskini ya De Lacey. Anawachungulia kwa ufa mdogo ukutani. Familia hiyo inapomfundisha lugha mgeni wao, mwanamke aitwaye Safie, kiumbe naye anajifunza akiwa upande wa pili wa ukuta. Usiku anawakusanyia kuni na kuziacha mlangoni, nao hawajui zimetoka wapi. Siku moja anajasiri kuingia. Mzee wa nyumba, ambaye ni kipofu, anamkaribisha na kuzungumza naye kwa upole. Vijana wenye macho wanaporudi, mmoja anazirai, mwingine anakimbia, na wa tatu, Felix, anamchapa kwa fimbo. Muda si mrefu baadaye anamwokoa msichana asife maji, na malipo yake ni kupigwa risasi.

Hapo ndipo moyo wake unapogeuka. Anamwua mtoto mdogo, William, ambaye ni ndugu yake Victor, na mtumishi asiye na hatia, Justine, ananyongwa kwa kosa hilo. Anamwomba Victor amwumbie mwenzi. Victor anaanza kazi, kisha anaiharibu. Vifo vinafuatana hadi mke wa Victor anauawa usiku wa arusi. Mwishoni wawili hao wanafukuzana mpaka kwenye barafu ya kaskazini ya dunia. Victor anafia melini, na kiumbe, akijutia matendo yake, anatokomea barafuni kwenda kufa.

3. Masimulizi ya Mbegha

Masimulizi ya Mbegha yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichochapishwa kwa sehemu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na kutolewa upya mwaka 1962. Wanahistoria huyasoma kwa tahadhari, kwa kuwa yamechanganya historia na ngano. Kwa somo la maadili mchanganyiko huo si kasoro.

Mbegha alizaliwa Ungulu, katika milima ambayo leo imo katika wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na kwa hiyo alikuwa kigego. Zamani jamii nyingi za pwani na za bara ziliamini kwamba kigego huwaletea jamaa zake vifo, na watoto wengi wa namna hiyo waliuawa. Mbegha aliachwa hai. Lakini wazazi wake walipofariki, jamaa zake walimnyima urithi na kumtenga.

Mbegha akawa mwindaji wa nguruwe mwitu, akifuatana na mbwa wake. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mtawala, lakini kijana huyo aliuawa na nguruwe wakiwa mawindoni, na Mbegha akalazimika kukimbia tena. Aliishi porini mpaka alipoingia milima ya Usambaa. Watu wa Bumbuli walipomkuta, aliwapa nyama, nao wakampa chakula cha mashambani. Wakaendelea kubadilishana, wakamkaribisha kijijini, wakampa mke, wakamletea mashauri yao awaamue. Alipokuwa akienda Vugha aliua simba usiku, na huko watu wakamfanya mtawala wao. Kizazi chake, Wakilindi, kilitawala Usambaa tangu karne ya 18.

4. Tunavyolinganisha

Mwalimu asiharakishe kusema kwamba mmoja alikuwa mwema na mwingine mwovu. Tazama jinsi mianzo yao inavyofanana. Wote wawili walikataliwa kwa sababu ya miili yao, wala si kwa tendo lolote walilotenda. Wote waliishi porini. Na wote wawili, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita, walitoa kitu: kiumbe alitoa kuni, Mbegha alitoa nyama.

Tofauti yao imo katika namna zawadi zilivyopokelewa. Kuni ziliachwa mlangoni gizani, na waliozipokea hawakumjua aliyezileta. Alipojitokeza, walitazama sura yake, wala hawakupata nafasi ya kuunganisha sura hiyo na kuni walizokuwa wakiota moto wake. Nyama ya Mbegha ilipokelewa mchana, uso kwa uso, na aliyeipokea alirudisha kitu. Kwa kurudishiana huko, mtu aliyeogopwa akawa jirani, na jirani akawa mwamuzi. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hadithi hizi mbili zinatufundisha kuligeuza neno hilo upande wa pili: mtu ukimjua, huenda usimwite zimwi kamwe.

5. Maadili yatokanayo

(a) Wajibu wa anayeumba au anayelea. Kosa la kwanza la Victor si kutafuta elimu, bali ni kukimbia matokeo ya kazi yake. Mzazi, mwanasayansi na mwalimu wote wamo katika funzo hili.

(b) Ubaguzi huzaa uovu, lakini haufuti hatia ya mtenda uovu. William na Justine hawakumkosea kiumbe. Mwalimu akifundisha upande mmoja tu, ama atamfanya mtoto aone kulipiza kisasi kuwa haki, ama atamfanya aone kuwa aliyetengwa alistahili kutengwa.

(c) Macho hudanganya. Katika nyumba ile, kipofu ndiye aliyemwona mgeni kama mtu.

(d) Hujafa hujaumbika. Methali hii hutumiwa kuonya wanaocheka vilema. Itumike pia kueleza kwamba umbo la mtu si mwisho wa habari yake.

6. Hatua za kufundisha

Somo hili linafaa darasa la sita au la saba, kwa vipindi viwili vya dakika 40. Hakihitajiki kitabu cha mwanafunzi. Mwalimu atasimulia kwa kinywa, hivyo hana budi kuimudu hadithi kabla ya kuingia darasani. Zana ni ubao, chaki na tita dogo la kuni.

Kipindi cha kwanza. Mwalimu asimulie Frankenstein na kusimama mahali patatu. Kituo cha kwanza ni pale kiumbe anapofumbua macho na Victor akakimbia. Aulize: "Mpaka hapa, nani amekosa?" Kituo cha pili ni pale kuni zinapoachwa mlangoni. Aweke tita la kuni mezani na kuuliza: "Mngemfikiriaje aliyewaletea hizi kama hamjamwona?" Kituo cha tatu ni pale vijana wanaporudi na kumkuta kiumbe karibu na mzee. Wanafunzi wabashiri litakalotokea kabla ya kusimuliwa. Vifo visimuliwe kwa ufupi, bila kuvipamba.

Kipindi cha pili. Mwalimu asimulie habari za Mbegha, kisha agawe ubao sehemu mbili, kiumbe upande mmoja na Mbegha upande wa pili. Wanafunzi wajaze mambo manne: alikataliwa kwa nini, alitoa nini, nani alimwona akitoa, na alipokelewaje. Mstari wa tatu ndio ufunguo, na mwalimu asiutaje yeye mwenyewe. Awaachie watoto waugundue.

Mwalimu atarajie majibu mawili. Mtoto mmoja atasema, "Kiumbe aliumbwa mbaya." Aombwe ataje tendo baya la kiumbe kabla ya kupigwa, naye atakosa. Mwingine atasema, "Alikuwa na haki ya kulipiza." Aulizwe kosa la William. Majibu hayo yasizomewe, kwa maana somo limejengwa juu yake.

7. Tahadhari

Hadithi hii ni kama wembe, na mwalimu asiyejiandaa anaweza kumjeruhi mtoto kwayo. Nchini mwetu jambo hili si la kubuni. Kuanzia mwaka 2006 hivi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walishambuliwa na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina, na watoto wengi walihamishiwa shule za bweni ili wawe salama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, afya, mila au kuzaliwa kwake. Lakini sheria haikai dawatini pamoja na mtoto. Anayekaa naye ni mwalimu na wenzake.

Kwa hiyo, kamwe usimtaje mtoto wa darasani kuwa mfano wa Mbegha au wa kiumbe. Ukiigiza hadithi, usimpe sehemu ya kiumbe mtoto ambaye tayari anatengwa. Jina la utani likizuka baada ya somo, likomeshe siku hiyo hiyo.

Usiwatukane wazee kwa imani ya kigego. Eleza kwamba watoto wachanga walikufa kwa wingi, na watu walitafuta sababu kwa elimu waliyokuwa nayo. Kisha eleza wazi kwamba kwa kawaida meno ya chini hutangulia, lakini mtoto anayetangulia kuota ya juu hana kasoro wala hamdhuru mtu yeyote.

8. Baada ya somo

Kazi ya somo hili haiishi kengele inapolia. Katika darasa la watoto wengi daima yumo anayesomea upande wa pili wa ukuta: asiyechaguliwa katika kikundi, asiyeitwa kwa jina, anayefagia vizuri bila kuonekana. Mwanachuo akiwa katika mazoezi amtambue mtoto huyo katika wiki ya kwanza, ajifunze jina lake, na ampe kazi itakayoonwa na wote na kuwafaa wote, kama kugawa madaftari, kuongoza kikundi cha bustani au kuwasomea wenzake. Isiwe kazi ya kuonewa huruma. Iwe nyama ya Mbegha, itolewayo mchana na kupokewa kwa mikono miwili.

9. Maswali kwa wanachuo

1. Eleza kwa nini Mary Shelley hakumpa kiumbe jina. Je, mwalimu anapaswa kulibuni? Toa sababu.

2. "Victor alikosa kwa kuumba, si kwa kukimbia." Jadili.

3. Tafuta kwa wazee wa kijijini kwenu simulizi moja la mtu aliyetengwa. Andika andalio la somo la dakika 40 ukionyesha vituo vya kusimama na swali la kila kituo.

4. Mzazi analalamika kwamba hadithi yako imemtia mtoto wake hofu usiku. Utamjibu nini, na utabadili nini katika kipindi kijacho?