Lahaja za Kompyuta: Kutafuta Kosa Katika Folda ya Pamoja

Anayekusanya data za lugha hapa Goma hufanya kazi na mashine zisizofanana. Rekodi za Kinande zimo katika kompyuta ya Windows, mwenzake ananukuu kwenye Ubuntu, na mwalimu anasahihisha kwenye Mac. Njia rahisi ya kuziunganisha ni folda ya pamoja, au dosiye kama tunavyoiita hapa, katika mtandao wa chumba kimoja. Ruta moja ndogo inatosha, hata isipokuwa na intaneti, kwa kuwa data haitoki nje.

Faida yake si ya gharama tu, ingawa saa moja ya sauti ya WAV yenye ubora wa CD huzidi megabaiti 600. Faida kubwa ni kuwa na nakala zaidi ya moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia hadi katikati ya mji wetu. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama. Mtu anayekimbia hubeba anachoweza. Ikiwa mzee aliyesimulia hadithi amefariki na rekodi yake ilikuwa kwenye diski moja iliyobaki nyumbani, hakuna wa kuirudia.

Hata hivyo folda ya pamoja mara nyingi hukataa kufunguka, na ujumbe wa skrini hausaidii: "haipatikani" huweza kutokana na sababu nyingi. Katika makala hii ninaonyesha kwamba kosa litafutwe ngazi kwa ngazi, kuanzia chini, kama tunavyochambua lugha. Hatujadili sintaksia ya sentensi ambayo sauti zake hatujazisikia. Ngazi ya juu kabisa, ile ya majina ya faili, inatuhusu sisi wanaisimu kuliko mafundi.

1. Je, mashine zinasikiana?

Tafuta anwani ya kila mashine: kwa Windows andika amri ipconfig, kwa Ubuntu ip a. Ikiwa moja ina 192.168.1.20 na nyingine 192.168.43.7, huenda zimo katika mitandao miwili; labda moja bado imeshika Wi-Fi ya simu ya mtu. Zikiwa pamoja, jaribu ping 192.168.1.20. Jibu likija, njia ipo. Lisipokuja, usihukumu haraka, kwani Windows iliyoambiwa kuwa mtandao ni wa umma hunyamaza makusudi. Iambie kuwa mtandao ni wa binafsi, kisha ruhusu ushirikishaji wa faili. Fanya hivyo kwenye ruta mnayoimiliki tu, kamwe si kwenye Wi-Fi ya mkahawa.

2. Je, tatizo ni jina la mashine?

Kompyuta huitana kwa jina, lakini hufikiana kwa anwani. Kwa hiyo liache jina na uandike anwani yenyewe: kwenye Windows \\192.168.1.20\sauti, kwenye Ubuntu na Mac smb://192.168.1.20/sauti. Folda ikifunguka kwa anwani na kukataa kwa jina, usiguse nenosiri wala ruhusa. Kilichoshindikana ni kutafsiri jina kuwa anwani, na unaweza kuendelea na kazi kwa kutumia anwani.

3. Je, zinasema lahaja moja?

Hapa mwanaisimu atafurahi. Itifaki inayotumika inaitwa SMB, na matoleo yake katika maandishi rasmi huitwa lahaja. Mwanzoni mwa mazungumzo mashine inayoomba hutaja lahaja inazozijua, na mashine inayotoa huchagua moja. Ubuntu huizungumza kupitia programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwaka 1992. Jina hilo alilipata kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye s, m na b kwa mfuatano huo.

Lahaja ya kwanza, SMB1, ni ya miaka ya 1980. Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilipitia udhaifu wake na kuenea duniani, na tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya huwekwa bila lahaja hiyo. Samba nayo iliizima kwa kawaida mwaka 2019. Kompyuta ya zamani ya Windows XP haijui nyingine. Ndiyo maana haielewani na mashine mpya hata kama waya ni mzima na nenosiri ni sahihi. Wengine watakushauri uifufue SMB1. Usifanye hivyo kwenye mashine yenye data za watu. Hamisha faili za XP kwa flashi, kisha iache nje ya mtandao.

4. Je, unajulikana?

Ukiombwa nenosiri na kukataliwa, umeshavuka ngazi tatu. Kagua mambo matatu. Kwanza, kwa kawaida Windows haimruhusu mtumiaji asiye na nenosiri kuingia kupitia mtandao, hata kama mezani anaingia bila kizuizi. Pili, Samba hutunza nenosiri lake mbali na lile la Ubuntu. Lazima liundwe kwa amri sudo smbpasswd -a ikifuatwa na jina la mtumiaji. Tatu, ruhusa ni za tabaka mbili, za ushirikishaji na za folda yenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Anayeweza kusoma lakini hawezi kuandika atafute hapo.

5. Je, majina ya faili yanavuka?

Sasa folda imefunguka, lakini baadhi ya faili zina majina ya ajabu yenye alama ya ~, au ELAN inadai haioni sauti iliyo mbele ya macho yako. Windows hairuhusu katika jina alama hizi: \ / : * ? " < > |. Sisi tunaziishi. Kinyota ni alama ya umbo lililoundwa upya, kama *-ntu. Nukta pacha wengi huiandika badala ya alama halisi ya urefu wa irabu. Alama ya kuuliza ni shaka ya mtafiti. Ubuntu inazikubali zote isipokuwa /. Tena Ubuntu hutofautisha Ngoma.wav na ngoma.wav, Windows kwa kawaida haitofautishi.

Gumu zaidi ni toni. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kama alama moja, au kama e ikifuatwa na alama ya toni pekee. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni mfuatano tofauti, na mifumo ya zamani ya Mac ilipendelea ule wa pili. Hivyo folda moja huweza kuwa na faili mbili zenye jina "lilelile". Kwa ɔ́ hakuna hata herufi moja kamili. Daima ni alama mbili.

Kanuni ninayoifuata ni kuacha toni ndani ya faili na kuliacha jina liwe tupu: nnb_2024-03-12_hadithi_01.wav. Herufi tatu za mwanzo ni msimbo wa kimataifa wa lugha: nnb ni Kinande, hke Kihunde, shr Mashi, swc Kiswahili cha Kongo. Neno lenyewe, pamoja na toni zake zote, liandikwe katika unukuzi.

Zoezi

Eleza ni ngazi ipi yenye kosa: (a) folda inafunguka kwa anwani tu, (b) unasoma faili lakini huwezi kuhifadhi, (c) faili ishirini zimenakiliwa kwenda Windows na moja, yenye kinyota, imekataliwa. Kisha fungua folda ya data zako, hesabu majina yasiyoweza kuvuka, na uyabadilishe kabla hujamkabidhi mwenzako nakala.